Mbao za Ukutani Katika Nyumba Kongwe za Tanga: Dalili, Chanzo na Dawa

Raskazone, Chumbageni na kwenye nyumba za mameneja wa zamani wa mashamba ya mkonge bado kuna vyumba ambavyo kuta zake zimevikwa mbao, pengine hadi kiunoni, pengine hadi darini. Mwenye nyumba akiona zimefifia, zimeachana au zinanuka uvundo, huita fundi, na jibu la mafundi wengi wa leo linajulikana kabla hawajafungua mdomo: tung'oe, tupige jipsamu. Mimi nasema subiri kwanza. Mara nyingi mbao hizo ni mninga, mvule au mtiki uliokomaa kweli, na ukienda leo kutafuta mbao za kiwango hicho mfuko wako utajua. Maradhi unayoyaona usoni pake yameanzia kwingine: kwenye ukuta ulio nyuma, kwenye paa, kwenye kiyoyozi, au kwenye kopo la rangi aliyopaka mtu kwa haraka. Chanzo kikitibiwa, mbao zenyewe hazidai mengi.

Kabla ya kugusa chochote

Zima umeme kwenye meni swichi. Katika nyumba za zamani nyaya hupitishwa nyuma ya mbao bila bomba, na msumari mmoja ukipita pabaya ni balaa.

Rangi ya mafuta ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Marekani walipiga marufuku rangi hiyo majumbani mwaka 1978, lakini ukuta wako huenda ulipakwa kabla ya hapo, au baadaye kwa kopo lililotoka kusikojulikana. Kama kuna tabaka za rangi kuukuu, usipige msasa mkavu. Lowesha, kwangua taratibu, tandika nailoni sakafuni, watoto na wajawazito wahame chumba hicho hadi kazi iishe. Na ukikuta nyuma ya mbao kuna mabamba ya kijivu magumu ya asbesto, usiyakate wala kuyatoboa; yaache yalivyo au tafuta watu wenye ujuzi wa kuyaondoa.

Mvule nao una lake. Vumbi lake huwasha ngozi na kubana kifua. Barakoa ya kitambaa haitoshi, tafuta ile ya kuzuia vumbi laini.

Kwanza ujue una nini ukutani

Angalia ncha ya ubao, pale ulipokatwa karibu na mlango au tundu la swichi. Mbao halisi huonyesha nyuzi zinazoendelea kutoka usoni hadi ndani. Plaiwudi huonyesha tabaka, na ile ya bei rahisi ina mistari iliyochorwa tu kuigiza mbao. Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu ngozi ya juu ya plaiwudi mara nyingi haifiki hata milimita moja. Ukiipiga msasa wa mashine umeimaliza. Hiyo isafishwe kwa mkono na msasa namba 240, au ipakwe rangi.

Kisha ujue ilipakwa nini. Chagua kona iliyojificha, weka tone la spiriti kwenye pamba, sugua polepole. Ikilainika na kunata, ni polishi ya sheleki. Isipoguswa na spiriti lakini ikayeyuka kwa tina (thinner ya laka), ni laka. Ikikataa zote mbili, ni vanishi ya mafuta au ya poliurethani, na hiyo huiondoi ila kwa skrepa, msasa au dawa ya kubandua. Jaribio hili ni la dakika chache tu, na linakuepusha kupaka kitu juu ya kitu kisichokubaliana nacho.

Dalili: chini kumekuwa kweusi, vanishi inababuka, chumba kinanuka uvundo

Hapa ndipo ilipo kazi kubwa ya pwani, na hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea.

Unyevu ukitoka chini au nyuma, hushika kwanza sehemu ya chini ya ubao. Vanishi hupata malengelenge, kisha hubanduka kama ngozi. Mbao huwa nyeusi kuanzia kwenye skatingi, ule ubao wa chini ya ukuta kando ya sakafu, kwenda juu. Ukipaka upya bila kutafuta maji yanakotoka, itabanduka tena kabla masika hayajaisha. Mama mmoja wa Chumbageni alinipigia simu kwa shida hiyohiyo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Njoo uone ukuta wangu, nimepaka vanishi mara mbili na chini inabanduka tena."

"Upande wa nje wa ukuta huo kuna nini mama?"

"Kuna bustani yangu tu, na bomba la kumwagilia maua."

Nilipofika, udongo wa bustani ulikuwa umepandishwa juu ya usawa wa sakafu ya ndani kwa kimo cha tofali zima, umeegemea ukuta, na unamwagiliwa kila jioni. Ukuta ulikuwa unakunywa maji kutoka kwenye maua. Tulishusha udongo chini ya usawa wa sakafu, tukaacha mfereji wa kokoto kando ya ukuta, bomba likasogezwa. Mbao zilikauka zenyewe, na vanishi ya tatu ndiyo iliyokaa.

Kwa hiyo anza nje. Tazama udongo, tazama mahali maji ya paa yanapoangukia, tazama bati lililotoboka na mabomba ya choo. Kama nje ni salama, ng'oa ubao mmoja wa chini kwa uangalifu, gandisha kwa tepu kipande cha nailoni cha sentimita 40 kwa 40 kwenye ukuta mtupu, kiache siku mbili. Umande ukiwa upande wa ndani ya nailoni, unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani. Ukiwa upande wa nje, unaotazama chumba, ni hewa ya chumba inayoganda kwenye ukuta baridi, na mara nyingi kiyoyozi ndicho mshitakiwa.

Ukuta ukiwa wa mawe ya matumbawe na chokaa, kama zilivyo nyumba nyingi kongwe za pwani yetu, chunguza plasta yake. Ukuta wa namna hiyo umejengwa kupumua: hunywa maji na kuyaachia. Mtu akija kuupiga plasta ya saruji, maji hayatoki tena yalikokuwa yanatokea. Hupanda, hutafuta upande wenye njia, na upande huo huwa ni huu wa mbao zako. Pamoja nayo huja chumvi, ile poda nyeupe inayopukutika ukiigusa. Dawa ni kubomoa plasta ya saruji angalau sehemu ya chini na kurudishia ya chokaa. Haina njia ya mkato. Sila ya kuzuia maji ikipakwa upande wa ndani huficha tu tatizo na kulipandisha juu zaidi.

Baada ya hapo ukuta upewe muda. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni mwezi mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene, kwa hiyo ukuta wa sentimita 45 unaweza kuchukua mwaka mmoja na nusu kukauka kabisa. Si lazima mbao zikae stoo muda wote huo. Zirudishe juu ya papi (vipande vyembamba vya mbao vinavyopigiliwa ukutani) zilizopakwa dawa, ukiacha nafasi ya sentimita mbili hivi kati ya mbao na ukuta, na utoboe matundu madogo kwenye skatingi na karibu na dari ili hewa ipande. Mgongo wa ubao upake sila kabla ya kuurudisha. Mafundi wengi hupaka uso tu, kisha wanashangaa ubao ukijikunja.

Na kama ubao umeoza? Uchome kwa bisibisi. Ikigoma, doa ni la juu tu. Ikizama kama kwenye keki, hapo pameoza na pakatwe hadi kwenye mbao ngumu. Usikate kila ubao kwa kimo chake. Kata zote kwa mstari mmoja, weka skatingi ndefu zaidi, ya sentimita 20 au hata 30. Chumba kitaonekana kimebuniwa hivyo tangu mwanzo. Kama una kipima unyevu, mbao za ndani hapa pwani hutulia karibu na asilimia 14 hadi 16. Zikizidi 20, ukungu na uozo vimefunguliwa mlango, na huna ruhusa ya kupaka chochote.

Dalili: unga au chembechembe sakafuni

Usikimbilie dukani kununua dawa. Shika unga huo vidoleni kwanza, kwani wenyewe unakuambia ni mdudu gani.

Ukiwa laini kama poda ya mtoto, na kwenye mbao kuna vitundu vya duara vya milimita moja au mbili, ni bungua. Huyu hupenda sehemu nyeupe ya mti, ile iliyo karibu na gome, kwa sababu ya wanga uliomo. Kwenye mninga utaona wazi: mstari mweupe umetobolewa kama chujio na sehemu nyekundu iko salama kabisa. Hapo huna sababu ya kutupa ubao.

Ukiwa na chembe ngumu kama mchanga, zenye pembe pembe na za ukubwa mmoja, ni mchwa wa mbao kavu. Huyu hahitaji udongo wala maji, anaishi ndani ya ubao wenyewe, na anaweza kuula ukabaki ganda la rangi. Gonga ubao kwa mpini wa bisibisi. Ukilia kama tupu, uko tupu.

Ukiona mirija ya udongo ikipanda kwenye ukuta au nyuma ya skatingi, huyo ni mchwa wa ardhini. Kuvunja mirija hakumsumbui, kiota kiko chini. Hapa nakushauri umwite mtu mwenye leseni ya dawa za wadudu atibu udongo kuzunguka msingi, kisha utafute unyevu uliomvuta.

Je, bungua bado wapo au waliondoka zamani? Fagia, tandika gazeti chini ya mbao, acha wiki mbili. Tundu jipya lina mdomo msafi wenye rangi ya mbao mbichi. Tundu la zamani limeingia vumbi na kuwa jeusi. Kama hakuna unga mpya, ziba matundu kwa unga wa msasa uliochanganywa na gundi na uendelee na kazi.

Kama wapo, dawa ya maji yenye chumvi za boroni hufanya kazi vizuri, ila haipenyi vanishi wala rangi. Lazima mbao ziwe wazi. Paka mara mbili au tatu, mgongoni pia, acha zikauke kabisa. Kwa mchwa wa mbao kavu, ingiza dawa kwa sindano kwenye vitundu anamosukumia chembe zake, na ubao uliokwisha kuwa ganda utoke.

Oili chafu ya gari naisikia kila mahali. Kwenye nguzo ya uzio sina neno. Ndani ya nyumba haifai kabisa: inanuka kwa miezi, inatia mbao weusi usiotoka, inashika moto, na hakuna vanishi itakayoshika juu yake tena. Nimeona chumba kizuri cha mninga kikiharibiwa na debe moja la oili, na hakuna fundi aliyeweza kukirudisha.

Dalili: mianya imefunguka, au mbao zimetuna kifua

Mbao hupanuka na kusinyaa kwa upana wake, si kwa urefu. Ubao wa mbao laini wenye upana wa sentimita 10 ukipoteza unyevu wa asilimia tano hivi, unaweza kusinyaa milimita moja na ushee. Huo ndio mwanya unaouona baada ya kufunga kiyoyozi kwenye chumba ambacho miaka yote kilikuwa na madirisha wazi. Ubao haujaharibika.

Usijaze mianya hiyo kwa paki, ule mchanganyiko wa kuzibia matundu ya mbao. Masika yakija mbao zitapanuka, paki itasukumwa nje ikaanguka vipande vipande. Zile mbao zenye ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili zilitengenezwa ziteleze. Kinachoudhi macho ni ule ulimi usiopakwa rangi unaochungulia kama mstari mweupe. Upake rangi ileile kwa brashi nyembamba wakati mwanya uko wazi, basi.

Kutuna ni kinyume chake. Mbao zilipigwa zikiwa kavu, zikabanwa ukuta hadi ukuta, unyevu ulipopanda zikakosa pa kwenda. Ng'oa ubao wa pembeni kabisa, uupunguze kwa randa ubaki mwanya wa milimita 10 kila mwisho wa ukuta, ufunike kwa nakshi au skatingi iliyopigiliwa ukutani na si kwenye mbao. Zilizobaki zitarudi taratibu.

Madoa

Jeusi kuzunguka kichwa cha msumari ni chuma kilichokutana na tanini, kemikali ya asili iliyomo ndani ya mbao, kwenye unyevu. Msasa peke yake hautoshi. Toa msumari, paka asidi ya oksaliki iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto, ukiwa na glavu na miwani kwa sababu ni sumu, kisha suuza vizuri. Rudishia skrubu za stenlesi au za shaba. Hapa kwetu, na upepo wa chumvi unaotoka baharini, msumari wa kawaida utakurudisha kwenye doa lilelile.

Umbo la kabati au la picha iliyokuwa imetundikwa, lililobaki na rangi hafifu kwenye mvule, si doa. Mvule huanza na manjano na kukolea hudhurungi ukipata mwanga. Acha mapazia wazi kwa miezi kadhaa kabla hujaamua kupiga msasa chumba kizima.

Na wanaosema mbao zao zimekuwa giza, mara nyingi ni moshi. Miaka ya koroboi na chetezo, udi kila Alhamisi jioni, mikono ya watoto, nta juu ya nta. Osha kwa maji vuguvugu na sabuni ya maji, kitambaa kikamuliwe hasa, kisha upitishe tapentaini. Usitumie magadi wala maji ya chokaa, vitazidisha weusi. Watu wengi waliodhani wanahitaji rangi nyeupe huishia hapa, na mimi hufurahi wakiishia hapa.

Umepaka, na kazi imegoma

Vanishi haikauki, inanata kwa siku. Mvule na mtiki vina mafuta ya asili yanayochelewesha vanishi ya mafuta. Ondoa ile inayonata, futa mbao kwa tina kwenye kitambaa safi, paka koti moja jembamba la sheleki, likauke, ndipo vanishi.

Utando mweupe kama ukungu juu ya laka mpya. Tina inapopaa huupoza uso wa mbao, na mvuke wa hewa yetu nzito unaganda humo. Kwa Tanga ni kawaida mno, hasa ukipuliza asubuhi mapema au mvua ikinyesha. Siku kavu, pulizia juu yake tina inayokauka polepole na utando mwingi utayeyuka. Bora zaidi, panga kazi Januari na Februari au kati ya Julai na Septemba, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa, ukikwepa masika na vuli.

Rangi nyeupe imeingia manjano au hudhurungi. Tanini na utomvu vimepanda kupitia rangi ya maji, na kila koti unaloongeza linavivuta zaidi. Acha kupaka. Weka praima ya sheleki au ya mafuta inayozuia madoa, mara mbili kwenye vifundo vya msonobari, ndipo rangi.

Rangi inabanduka kama karatasi. Ilipakwa juu ya nta au juu ya vanishi inayong'aa. Nyunyiza maji kidogo kwenye sehemu isiyopakwa: yakikaa kama shanga, kuna nta. Ioshe kwa tapentaini, ukibadilisha vitambaa, kisha msasa namba 120 na 180 mpaka mng'ao uishe. Kabla ya kumaliza chumba, paka kipande kimoja, kiache wiki, kichanje mistari kwa wembe, bandika tepu na uivute. Tepu ikitoka safi, endelea.

Vitambaa vilivyolowa mafuta ya linsidi visitupwe vikiwa vimekunjwa. Huweza kujiwasha moto vyenyewe. Vitandaze nje vikauke au vitie kwenye ndoo ya maji.

Lini ukubali kung'oa

Kama ni plaiwudi iliyoachana tabaka kwa maji, toa, haitengenezeki. Kama mchwa wamemaliza papi zote za nyuma, mbao zishuke zote, lakini ziandikwe namba nyuma kwa chaki na kupangwa stoo zikiwa zimelala juu ya vipande vya papi, si kusimamishwa ukutani. Anza kung'oa kwenye kona, upande wenye ulimi, kwa tindo pana na kipande cha mbao chini yake ili usiumize plasta. Msumari ukigoma usiuvute kutokea usoni. Uvute kwa koleo kutokea mgongoni, tundu la mbele litabaki dogo. Na kabla mtu hajapakia mbao hizo kwenye guta, kwangua mgongo wa ubao mmoja kwa randa uone rangi yake. Ukiona wekundu wa mninga, mwambie mwenye nyumba ashuke aone mwenyewe kabla hajaamua.